Gitaa la Mashoto

Karakana, 3 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini mgongo umetulia na wale wasichana wa chumba cha kufulia hapo hospitali bado wanakuogopa. Mimi ni mzima. Nakuandikia juu ya meza ya kazi, kwa hiyo vumbi utakalolikuta ndani ya bahasha ni la mbao, usianze kuniuliza kama nimerudia sigara.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ukikasirika unakata. Barua hata ukiitupa, baadaye utaiokota ujue iliishaje. Nakufahamu.

Nina mteja nataka kukusimulia. Alikuja mwezi uliopita, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Alikuwa na gitaa ndani ya gunia, amelibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Shingo imevunjika, kijiti cha kupitishia nyuzi hakipo, na kuna mtu alilipaka rangi ya mafuta ya kahawia, ile ya milango. Nilimwambia ukweli: kulitengeneza hili ni kazi kuliko kutafuta jingine. Akasema, "Jingine sina haja nalo, fundi."

Huyu alikuwa mpiga gitaa wa majukwaani, Dada, wale ambao watu walikuwa wanasahau vinywaji vyao mezani wakiwasikiliza. Kisha pombe, kisha unga. Miaka kumi na moja ya unga. Aliuza vyombo vyake karibu vyote, akauza vya wenzake, mwisho akawa analala kwenye baraza la kanisa moja la mabati nyuma ya duka la saruji, kwa sababu lina paa tu. Hakuwa anatafuta wokovu. Ila kwaya ilikuwa inafanya mazoezi Alhamisi, na mpiga kinanda wao alikuwa anachelewa nusu pigo kila akifika kwenye kiitikio. Alivumilia wiki tatu. Ya nne akaingia ndani, ananuka, hana viatu, akamwambia yule kijana, "Unawaua hawa watu, sogea." Anasema aliingia kanisani kwa hasira, toba ilikuja baadaye. Walimpa chai na ufagio. Alianguka mara mbili, akarudia unga, wakamfuata mara mbili. Wakambatiza ndani ya pipa maana bwawa hawana. Huu ni mwaka wa tano hajagusa kitu.

Sasa anafagia hapo kanisani, anapanga viti, na Jumatano anakwenda kukaa na wale wanaojaribu kuacha. Anakaa tu, anasema kazi kubwa ni kutoondoka.

Na hapa ndipo utacheka. Mtu huyu sasa anapiga gitaa kama mtoto wa darasa la kwanza. Vidole vinagongana. Anajua nyimbo tatu, na wa tatu anaukosea kila siku palepale kwenye mstari wa pili, anaruka noti mbili kama anaruka dimbwi. Anakuja hapa jioni kufanya mazoezi, na akikosea analiambia gitaa, "Samahani." Sababu ya kupiga hivyo ipo, wala si ugonjwa. Pia nilifanya kosa la aibu kwenye gitaa lake. Vyote nitakueleza.

Mimi si mtu wa ibada, unajua. Lakini huyu namheshimu kuliko mteja yeyote aliyewahi kuvuka mlango huu.

Mdogo wako,
Fundi


Nyumbani, 14 Machi

Fundi, marahaba.

Mgongo haujatulia na wasichana hawaniogopi, wananisengenya mashine zikiwa zinanguruma wakidhani sisikii.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Mimi ndiye nakwenda kanisani, wewe ndiye unanihubiria. Huyo mtu anayeliomba gitaa samahani ana mke? Nani anampigia hayo mashati pasi? Kama anapiga mwenyewe, mwambie awafundishe wanaume wengine, aanze na wewe.

Unajua msimamo wangu kuhusu wapiga muziki. Tangu tumzike mdogo wetu Mashoto redio yangu iko kabatini, mwaka wa sita huu. Nimemlea yule mtoto toka mama alipofariki, akiwa na miaka mitatu. Nilikwenda shule kugombana na mwalimu aliyekuwa anamfunga mkono wa kushoto ili aandike na wa kulia. Halafu anakuja mtu anayejiita Radi, anamweka kwenye bendi yake, anampa sifa, anampa na unga. Mungu anisamehe, kila Jumapili kwenye Sala ya Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi nafunga mdomo, nawaachia wengine waseme.

Lakini huyu wako ni mwingine. Mtu aliyerudi kutoka huko na bado anaweza kukaa na walio huko, huyo ni mtu. Nimemwombea kwa jina la "yule wa gitaa", nadhani Mungu anamjua. Akipita pande hizi mwambie kiti kipo na chai ipo.

Na hilo kosa lako la aibu ni lipi? Usiniachie hadithi nusu, si tabia nzuri.

Dada yako


Karakana, 22 Machi

Dada,

Keti kwanza. Nimeanza barua hii mara nne.

Kosa langu ni hili. Baada ya kuunga shingo nilichonga kijiti kipya cha nyuzi, nikazifunga, uzi mnene juu, mwembamba chini, kama ninavyowafungia watu wote. Nilikuwa nimemwona yule mteja akisaini daftari kwa mkono wa kulia. Alipokuja akalichukua gitaa, akaligeuza upande wa pili, akaangalia nyuzi, akasema polepole, "Fundi, hili ni la mkono wa kushoto." Nikamwambia, "Lakini wewe si mashoto." Akasema, "Mimi siyo. Mwenyewe ndiye."

Nikachukua kile kioo changu kidogo cha mpini, nikawasha tochi, nikachungulia ndani. Unajua kila gitaa ninalotengeneza huwa naandika jina la mwenyewe kwa penseli upande wa ndani kabla sijalifunga. Nikaona mwandiko wangu. "La Mashoto", na tarehe ya siku aliyofikisha miaka ishirini. Nililikwangua rangi siku tatu nzima, Dada, nikaunga shingo yake, na sikulitambua. Nililitengeneza kwa mikono hii.

Mteja wangu ni Radi.

Alijua mimi ni nani. Mashoto alimwambia kaka yake ni fundi na anaishi wapi. Alikuja kunieleza, ujasiri ukamwishia mlangoni, akasema anataka gitaa litengenezwe. Siku ile ya kioo ndipo aliposema yote, amesimama, hakukubali kukaa. Gitaa hili alilibadilisha kwa kete mbili za unga, Mashoto akiwa bado hai. Baada ya kuokoka alilitafuta mwaka mzima, akalikuta kwa muuza samani likiwa pambo. Yule mtu alikataa kuliachia mpaka Radi alipompa gitaa lake mwenyewe, lile jeusi la kwenye mabango, la mwisho alilokuwa amebakiza.

Anataka kulirudisha kwako. Lakini hataki kulirudisha likiwa bubu, na hataki nyuzi zikae za mkono wa kulia kama nilivyozifunga mimi, anasema ameshaharibu vya kutosha kwa yule kijana. Ndiyo maana anajifunza kwa mkono wa kushoto, na uzee huu. Wimbo wa tatu, anaoukosea, ni ule mama alikuwa anatuimbia akianua nguo. Aliusikia kwa Mashoto.

Nilikuficha jina kwa sababu nilitaka umwone mtu kabla hujaliona jina. Ulimwona. Ulimwombea.

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Machi

Fundi,

Umenifanyia hila, na umeifanya kwenye kitu kinachoniuma.

Ile chai na kile kiti nimeviondoa. Gitaa libaki kwako, ni mali ya ndugu yako. Huyo mtu usimtaje kwangu kwa jina wala bila jina.

Dada


Karakana, 19 Mei

Dada, shikamoo.

Wiki saba umeninyima barua, na nilistahili. Nilikuchezea, nikajiona mjanja. Nisamehe. Mtu wa umri wako hafichiwi dawa kwenye asali kama mtoto.

Sasa nitakosea tena kwa kumtaja, maana nikinyamaza nitakuwa nakuficha kitu tena. Ukitaka kuichana, chana hapa.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye lile kanisa la mabati. Usianze kushangilia, nilikaa karibu na mlango. Radi aliitwa kutoa ushuhuda. Nimeshasikia shuhuda, Dada, watu huwa wanasimulia dhambi zao kwa madaha, kama wanamsifu mtu mwingine. Huyu alisimama mikono nyuma na akaongea kama anasoma orodha.

Alisema, "Kulikuwa na kijana wa watu aliyeniamini. Alikuwa anapiga vizuri kuliko mimi na nilijua. Unga wa kwanza nilimpa kwa mkono huu. Alipougua nilikuwa naye, sikumfikisha hospitali, akafa. Msitafute mwingine wa kumlaumu, hayupo." Kisha akasema, "Katika maisha yangu watu wawili wamenimwagia maji. Wa pili ni mchungaji wetu, na pipa mnalijua. Wa kwanza simtaji, lakini yalikuwa ya sabuni, na nilikuwa nayahitaji." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Akaenda kukaa.

Baada ya ibada alipanga viti vyote peke yake. Nilitaka kumsaidia, akaniambia, "Acha fundi, hii ndiyo solo yangu."

Nilitembea kurudi nyumbani nalia, mtu mzima na mvi zangu, sikujua nalia kwa ajili ya Mashoto au kwa ajili yake. Labda wote wawili. Nimeishi na watu wema wengi ambao hawajawahi kusema "ni mimi" hata kwa kikombe kilichovunjika.

Sikuombi kitu. Nimekueleza tu.

Mdogo wako


Nyumbani, 28 Mei

Fundi,

Muulize huyo wa kwanza aliyemmwagia maji ni nani. Usimwambie nimeuliza mimi. Niandikie maneno yake kama atakavyoyasema, usiyapambe.

Dada


Karakana, 6 Juni

Dada,

Nimemuuliza. Alikuwa anafanya mazoezi. Nilijifanya naulizia kwa utani, nikasema, "Yule wa maji ya sabuni alikuwa nani, mchumba?" Mimi kudanganya sijui, unajua, masikio yananiwaka.

Aliweka gitaa chini. Akasema, na nayaandika kama yalivyo: "Fundi, kama kuna mtu amekutuma uulize, mwambie hivi. Jina lake halijatoka mdomoni mwangu miaka sita, na halitatoka. Mtu yule alikuwa na haki. Na alikuwa amechoka."

Nikamwambia hakuna aliyenituma. Akasema, "Sawa," akachukua gitaa akaendelea. Wimbo wa mama tena, na akakosea tena palepale. Nimejaribu kumrekebisha mpaka nimechoka. Nilimwimbia mstari ule mara tano. Akasema anausikia vizuri ninavyouimba, lakini mikono inafuata alivyoukariri.

Sikuelewa habari ya maji, Dada. Ila nimeona uso wake, na sasa naona herufi zako za barua iliyopita, zimebonyea mpaka upande wa pili wa karatasi. Kama kuna kitu, mimi ni ndugu yako.

Mdogo wako


Nyumbani, 15 Juni

Mdogo wangu,

Wa kwanza ni mimi.

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Nilikuwa nyumbani, nafua mapazia uani. Radi alikuja akasimama getini, ananuka, anashikilia nguzo asianguke. Akasema, "Dada, Mashoto anaumwa sana, njoo tumpeleke hospitali." Miaka sita nimekuwa najiambia kwamba aliropoka, kwamba sikumwelewa. Nilimwelewa. Alisema wazi kama ninavyokuandikia.

Walikuwa wameshanidanganya hivyo mara mbili, nikakimbia na viatu viwili tofauti, nikamkuta Mashoto amekaa anacheka. Nikasema hii ya tatu hapana. Nikachukua ndoo ya maji ya mapazia nikammwagia yote. Hakunitukana. Aliondoka, akafika barabarani akageuka, amelowa chapachapa, akasema, "Yuko kwenye lile jengo ambalo halijaisha, nyuma ya ukumbi." Nikafunga mlango. Nikarudi kwenye mapazia yangu nikayasuuza mara mbili.

Siku ya tisa watu wakaja kuniambia amekufa. Ulisafiri ukanikuta nimeketi, ukasema dada ana moyo mgumu, halii. Nilikuwa siwezi kulia mbele yenu kwa sababu nilijua alikuwa wapi. Mimi ninayefua shuka mia mbili za wagonjwa kila siku, mdogo wangu alikufa amelala juu ya saruji, na nilikuwa nimeelekezwa mahali.

Sasa nakwambia neno ambalo hata kwenye maombi sijalisema. Nilimchukia Radi kwa unga, ndiyo. Lakini zaidi nilimchukia kwa sababu ndiye mtu pekee duniani aliyejua. Kila siku nilikuwa nasubiri aseme. Nilijua siku akisimama mahali popote kujitetea, atasema, "Nilikwenda kwa dada yake akanifukuza." Ndivyo ambavyo mtu yeyote angesema. Ndivyo ambavyo ningesema mimi. Na wewe unaniandikia kwamba alisimama mbele ya watu, nafasi anayo, akasema hayupo mwingine wa kulaumiwa.

Nilisoma mstari ule nikiwa kazini, nikatoka nje nikasimama nyuma ya kamba za kuanikia mpaka wasichana wakaja kunitafuta. Sasa ndiyo wananiogopa.

Nimeweka barua nyingine humu ndani, imefungwa. Mpe mkononi. Usiisome, na usimtazame akiisoma, chonga kitu.

Kama umenikasirikia kwa haya, niandikie hivyohivyo umekasirika. Barua siwezi kuikata.

Dada yako


Nyumbani, 15 Juni

Ndugu Radi,

Ni mimi, wa maji ya sabuni. Nimeshamwambia Fundi mwenyewe, kwa hiyo mzigo wa kunificha uweke chini, umeubeba vya kutosha.

Sitakudanganya kwamba yote yameisha. Habari ya unga uliompa bado inanikaa kooni. Lakini Jumapili hii, tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilisema na mimi. Sauti ilikuwa ndogo, jirani yangu kwenye benchi hakusikia. Nilipofika pale pa kuomba na mimi nisamehewe ndipo nilisema kwa nguvu, jirani akageuka.

Fundi ananiambia umejifunza kupiga kwa mkono wa mdogo wangu ili usilibadili gitaa lake. Mimi niligombana na mwalimu kwa ajili ya mkono ule. Sikujua kama duniani kuna mtu mwingine ataugombania.

Njoo Jumamosi mchana na gitaa. Mlango ni uleule. Ile ndoo sasa napandia maua. Kiti kipo, na chai, na mashati yako yasikusumbue, wote tutakuwa na nguo za nyumbani. Redio nimeitoa kabatini lakini haiwaki, kwa hiyo tutakutegemea wewe.

Jambo la mwisho. Ule wimbo wa tatu. Fundi anasema kila siku unakosea kwenye mstari wa pili, unaruka noti mbili, na amechoka kukurekebisha. Fundi aliondoka nyumbani kwenda kujifunza kazi Mashoto akiwa bado hajui kuongea, hawezi kujua. Mimi ndiye niliyekuwa namwimbia yule mtoto kila jioni, na kila tukifika pale alikuwa anaziruka zile mbili kwa haraka ya kufika kwenye kiitikio. Nilimrekebisha miaka na miaka. Alikua na kosa hilo, akaliingiza kwenye gitaa, akakufundisha wewe. Hakuna mwingine aliyebaki anayeupiga wimbo ule kama yeye.

Kwa hiyo usiliombe tena gitaa samahani. Hukukosea.

Dada yake Mashoto